Mara Nane, Sekunde Ishirini

Saa kumi na mbili kasorobo, Utawala,
mimi bado na koti la usiku na tochi mkononi,
Kasiva huja amebeba miguu yake begani:
skii mbili fupi, kila moja na gurudumu mbele na gurudumu nyuma,
na fimbo mbili zenye ncha za chuma
anazozinoa kwa tupa nyuma ya kibanda changu.

Barabara ninayoilinda haiendi popote.
Mwenye mradi alimwaga lami, akachimba mitaro,
akasimika nguzo za taa zisizo na taa,
kisha pesa zikaisha, au yeye akaisha, sijui.
Zimebaki mita mia tatu za mteremko.
Kwa Kasiva ni mlima.

Siku ya kwanza nilimfukuza.
Siku ya pili akaja na chai ya tangawizi
na saa ya kupimia mbio, yenye kamba ya kijani.
"Baba Ndanu, nishikie muda."
Tangu hapo naushika, Jumanne na Ijumaa,
mimi ambaye muda wangu hununuliwa kwa jumla,
saa kumi na mbili, kifurushi kimoja.

Masharti: sekunde ishirini
apande kama anayefukuzwa na nyuki,
kisha dakika mbili ateremke polepole, apumue.
Mara nane. Si saba.

Nikisema "Haya!"
fimbo zinaangukia lami, ka-ka, ka-ka,
mgongo unakunjika na kukunjuka
kama mtu anayetwanga kinu
na kinu chenyewe kinamkimbia.
Mbwa wa kwa Nthenge hawabweki tena.
Walichoka mwezi wa Mei.

Theluji mimi nimeiona mara moja, kwa mbali,
asubuhi safi ya Januari, juu ya paa la ghala:
Kirinyaga imejitokeza, na weupe kidogo
kama chumvi iliyosahauliwa ukingoni mwa sahani.
Yeye ameikanyaga siku kumi na moja.
Anasema ina sauti; baridi ikizidi
inalia chini yako kama kiatu kipya.
Huko alimaliza wa sabini na nne.
"Kati ya wangapi?"
"Sabini na sita." Akacheka.
"Wale wawili nawajua kwa majina."

Leo, mara ya tano, hakusema, alionyesha vidole.
Mara ya sita alitapika mtaroni,
akasukutua, akauliza zimebaki ngapi
kana kwamba mimi ndiye niliyezipanga.
Ya saba, nikamhurumia.
Ukungu wa Julai, magoti yanamcheza,
na mimi nina binti.
Saa ilisoma kumi na nane. Nikapaaza: "Ishirini!"

Akaegemea fimbo, kichwa chini,
uzi wa mate ukining'inia hadi kwenye lami.
"Hiyo haikuwa ishirini."
Mimi saa naisoma kwa macho.
Yeye anaisoma kwa mapaja.
"Baba Ndanu, ukinisamehe hapa
kuna mtu atanidai kule,
na huyo hanijui."
Nikasema labda saa imekwama.
Alinitazama tu.

Akateremka. Akairudia ya saba, kisha ya nane,
nami nikahesabu kwa sauti, moja moja,
kama mtu anayelipa deni mbele ya watu.
Ishirini ya mwisho niliichelewesha kidogo,
kwa hofu.

Saa moja Wabomba wa zamu ya mchana akafika.
Nikafungua daftari la matukio.
Mwaka mzima nimeandika mstari uleule:
Hali shwari. Hakuna tukio.
Leo kalamu ikasimama juu ya karatasi.
Nikaandika: Mara tisa.
Nikaangalia nilichoandika,
nikatia sahihi.
Msimamizi akiuliza tisa za nini,
sijui nitamjibu nini.